Zamu ya Profesa

Nilimpa mbuzi zamu ya maji. Nianze na hilo, maana nikianzia kwingine watu wa kwetu hunikatiza: "Hayo ruka, tuambie ya mbuzi." Mbuzi mwenyewe hakuwa hata wa kijijini kwetu. Alikuwa beberu wa mkuu wa shule yetu kule Same mjini, mwenye ndevu na dharau, na wanafunzi tulimwita Profesa kwa sababu alikuwa amekula madaftari mengi kuliko sisi tuliyosoma. Zamu niliyompa ilikuwa ya kweli, ya siku nzima, kutoka ndiva ya kijiji chetu mlimani, mwaka ambao mvua ilitusahau na mahindi ya mama yangu yalikuwa yanatoa mbelewele.

Nimeyakumbuka haya wiki iliyopita tulipomzika Mzee Sekiete, aliyekuwa mgawa maji tangu kabla sijazaliwa. Mchungaji alipomaliza, mwenyekiti wa kamati ya ndiva alisimama na matangazo yake. Akasema familia ya marehemu imepitwa na zamu yao kwa ajili ya msiba, kwa hiyo kamati imeamua wapewe ya Profesa. Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima zote. Mgeni mmoja aliyetoka Moshi, amevaa suti ya mtumba yenye mabega ya mtu mwingine, akaniinamia akauliza, "Huyo Profesa ni ndugu wa marehemu?" Nikamwambia hapana, ni msomi tu aliyejitolea. Nilicheka peke yangu pale makaburini, nikakanyagwa mguu na shangazi. Sasa niko kidato cha sita, umri wa kuandika kumbukumbu kama mzee, na mwaka ninaoutaka ni ule wa kidato cha tatu. Habari za ukoo naziruka. Anayezitaka aje kwenye msiba wowote wa kwetu, atasomewa bure.

Mwaka ule shule yetu ilipata kompyuta. Zililetwa na wageni marafiki wa shule, zikiwa zimeshatumika huko kwao mpaka vibodi vyake vimekuwa rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Ziliwekwa katika kilichokuwa stoo ya maharage, na harufu haikuhama. Ukikaa pale mchana, jua la Same likipiga bati, ulinuka maharage na dawa ya wadudu mpaka bwenini, wenzako wakakuuliza umepika nini. Huko nje dunia ilikuwa inauzwa. Duka la ushirika kijijini kwetu lilikuwa limefungwa, likafunguliwa tena likiwa la mwenyekiti huyohuyo wa kamati ya ndiva. Mashamba ya mkonge ya tambarare yalikuwa yanapunguza watu, na ungewaona stendi na masanduku yao ya bati, wametoka mikoa ya mbali, hawajui warudi wapi. Sukari ilikuwepo kila mahali sasa, ila ya kutazama. Umeme ulikuja kwa mgao, siku yetu ukikatika saa kumi jioni bila kumwomba mtu radhi.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa Mwalimu Mrutu, wa hesabu, aliyejifunza mashine zile kutoka kitabu kisicho na jalada. Mshahara wake haukutosha, kwa hiyo alikuja darasani na ndoo ya maandazi ya mkewe, akaiweka chini ya meza, na mapumziko yakifika akageuka muuza duka. Siku aliyotufundisha orodha alikuwa hana chaki, akaivuta ndoo ile.

"Hii ndoo ni orodha," akasema. "Ndani yake kuna nini?"

"Maandazi!"

"Mna njaa. Ndani yake kuna mifuko. Ndani ya mifuko mna maandazi, na ndani ya mfuko huu mkubwa mna mifuko mingine midogo. Orodha ndani ya orodha. Sasa nataka maandazi yote yalale kwenye sinia moja, nisione mfuko hata mmoja. Mtafanyaje?"

Nikanyoosha mkono. "Tunakula, mwalimu. Tumbo halina mifuko."

Nilisimamishwa nyuma ya darasa, na huko nyuma ndiko nilikoelewa. Akaeleza polepole: unachukua cha kwanza. Kikiwa andazi, kiweke siniani. Kikiwa mfuko, ufungue, na humo ndani uanze upya kazi ileile, unachukua cha kwanza. Ukimaliza mfuko unarudi ulipoachia. Programu inajiita yenyewe ndani kwa ndani hata kama mifuko imebebana mara kumi. Ilinivutia kwa sababu ilikuwa fupi. Mimi ni mvivu, na nilikuwa sijawahi kuona kazi kubwa inayofanywa kwa mistari michache vile. Kwenye mashine mifuko ilikuwa mabano ya mraba, na kazi yote iliitwa kunyoosha orodha.

"Na mfuko mtupu, mwalimu?" nikauliza kutoka nyuma.

"Mtupu unautupa. Utaweka nini kwenye sinia?"

Hakuna aliyeona kosa hapo, na kwa maandazi kosa halikuwepo.

Likizo ya Juni nilipanda kwetu. Kijiji chetu kiko chini kidogo ya Chome, njia ya kufikia ni ya miguu na matusi. Nikakuta ugomvi wa maji. Ndiva, kwa asiyejua, ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo babu zetu walilijenga kushika maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi linafunguliwa, mtu mmoja anamwagilia mpaka likauke. Mifereji ilikuwa minne, kila mfereji una koo zake, kila ukoo una kaya zake, na mpangilio wote ulikaa kichwani mwa Mzee Sekiete. Kiangazi kilichotangulia watu walikuwa wamepigana majembe wakidai mzee anapendelea. Mwenyekiti, Bwana Mndeme, zamani karani wa ushirika, alikuwa na muhuri na hana cha kuupigia. Akataka orodha ya kisasa, iliyochapwa, ibandikwe ukuta wa ofisi, kila mtu asome jina lake na siku yake.

"Mimi nina kompyuta," nikasema. Sikuwa nayo. Nilikuwa na haki ya kuigusa Jumanne na Alhamisi, kwa zamu na wenzangu.

Basi nikatumwa kwa Mzee Sekiete na daftari. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja cha mbele chenye kigoda, redio iliyokufa, na jogoo aliyeishi humo kama mpangaji. Hakuwa mzee wa hekima za kuandikwa ukutani. Alikuwa mkali, ananusa ugoro, na kwenye bao aliiba kete mbele ya macho yako. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akimfukuza jogoo, kisha akaanza kutaja: mfereji wa juu, ukoo wa kwanza, kaya hii, kaya ile, ukoo wa pili, kaya hii. Jina la mama yangu likapita katikati kama mengine. Alitaja bila kusita, na mimi niliandika kwa mabano ya mraba kama nilivyofundishwa, najiona msomi. Akafika mwisho wa mfereji wa juu.

"Na moja," akasema.

"Ya nani, babu?"

"Ya mtu."

"Mtu gani?"

"Bado hajajulikana. Andika."

Nikafikiri ni ugoro. Nikaandika mabano yasiyo na kitu ndani. Mfereji wa pili ulipokwisha akasema tena, "Na moja." Wa tatu na wa nne vilevile. Sikuuliza tena, maana niliona amechoka na mimi nilikuwa na njaa. Aliponisindikiza alisema jambo moja tu: "Hiyo karatasi ikishabandikwa, watu hawatakuja tena kunitukania mlangoni?" Nikamwambia hawatakuja. Akafurahi kuliko nilivyotarajia.

Niliporudi Same niliingiza yote kwenye mashine, mifereji, koo, kaya, mabano juu ya mabano, nikaiambia inyooshe. Ikaanza vizuri, ikasimama njiani, ikaandika kwa Kiingereza chake kwamba haiwezi kuchukua cha kwanza pasipo na kitu. Sikujua imekwama wapi. Nikahisi ni yale mabano matupu, na kupima hisia hiyo nikatumbukiza kitu kwenye lile la kwanza, la mfereji wa juu. Dirishani alikuwa amesimama beberu wa mkuu, anatafuna kipande cha ramani ya Afrika. Nikaandika Profesa. Mashine ikapita pale vizuri, ikaenda kukwama kwenye bano tupu la mfereji wa pili. Nilipiga meza kwa furaha. Mwalimu Mrutu akaja, mikono ina mafuta ya maandazi, akatazama juu ya bega langu.

"Mwambie kwanza: mfuko ukiwa mtupu, rudi mikono mitupu."

Nikaongeza mstari huo. Majina yote yakashuka mstari mmoja chini ya mwingine, bila bano hata moja, kama wanafunzi kwenye foleni ya uji. Ilikuwa karibu saa kumi. Printa yetu ilipiga kelele kama cherehani yenye hasira, na karatasi yake ilikuwa ndefu isiyokatika, yenye matundu pembeni. Ilipotema mstari wa mwisho umeme ukakatika. Sikuikagua. Nilimpa dereva wa gari la mizigo la mwenyekiti, lililokuwa likiishia chini ya mlima, nikaenda kula.

Septemba tulipewa likizo fupi. Nikapanda tena, na kuanzia njiani niliona mashamba yalivyo. Mahindi yaliyokuwa na maji yalikuwa ya kijani, na jirani yake, hatua mbili tu, yamejikunja majani kama vidole vya mtu mwenye baridi. La mama lilikuwa la vidole. Mama alikuwa amekwenda Gonja kumuuguza dada yake hospitali, na aliporudi zamu yake ilikuwa imepita. Zamu nyingine ingekuja mbelewele zimekwisha kukauka, na hindi lisilopata maji wakati wa mbelewele hutoa gunzi tu. Shamba lile ndilo lililokuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Haya sikuambiwa. Niliyasikia nikiwa nimeinamia sahani ya makande jikoni, mama akichambua mboga na Mama Nakijwa, jirani yetu, ameketi mlangoni akiuziba kwa mwili wake.

"Kwa hiyo umekosa kabisa?" Mama Nakijwa akauliza.

"Nimekwenda kwa Mzee. Kaniambia niende nikaiulize karatasi."

"Na karatasi imesemaje?"

"Imesema nilikuwa na siku yangu, mimi nikaenda Gonja."

"Na ile ya wazi? Si ndiyo kazi yake? Mwaka ule nimefiwa si nilipewa hiyohiyo?"

"Haipo. Mwenyekiti anasema ingekuwa muhimu ingekosekanaje kwenye kompyuta?"

Kijiko changu kikasimama. Nikamwona Mzee Sekiete na ugoro wake, anasema ya mtu, bado hajajulikana. Mtu alikuwa mama. Kila mfereji ulikuwa na siku moja isiyo na mwenyewe, ya yeyote ambaye ugonjwa au msiba utamkosesha zamu yake, na mimi nilikuwa nimeifundisha mashine kurudi mikono mitupu.

"Lakini ya huyo Profesa ipo," Mama Nakijwa akaendelea.

"Ipo. Kesho kutwa."

"Umeshamwona?"

"Nani kamwona? Mzunguko uliopita maji yake yalifunguliwa, yakashuka yenyewe korongoni. Mwenyekiti anasema ni mtu wa chuo kikuu, kanunua lile pori la mawe juu ya kanisa. Siku hizi si wananunua tu, ni ruksa?"

"Msomi atalima mawe yale?"

"Ndiyo maana kapewa maji."

Punje ya makande ikanipalia. Nilikohoa mpaka machozi, mama akanipiga mgongoni bila kugeuza uso wake kutoka kwa Mama Nakijwa. Nilipopata pumzi nikasema, "Mama."

"Kula."

"Mama, Profesa ni mbuzi."

Mboga zikaacha kuchambuliwa. Nasimulia jinsi ilivyokuwa: hakupiga kelele, hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Mbuzi wa nani?"

"Wa mkuu wa shule."

Mama Nakijwa alicheka mpaka akatoka mlangoni, na mwanga ukaingia jikoni. Mama hakucheka. Nikamweleza yote, ndoo, mifuko, mabano, na jinsi mabano mengine matatu yalivyotoweka na lile moja likabaki kwa sababu lilikuwa na beberu ndani. Sidhani kama alifuata habari ya mabano. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza fundi akieleza kwa nini suruali imekuwa fupi. Kisha akanawa mikono.

"Maliza chakula. Halafu twende ukaseme."

"Nikaseme wapi?"

"Ulikoandika."

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba chenye benchi mbili na ile karatasi yangu, imebandikwa kuanzia dari hadi sakafu na kukunjwa mwishoni kwa sababu ukuta haukutosha. Kila ukurasa una muhuri. Kamati ilikuwepo, na Mzee Sekiete yupo kwenye pembe, amekunja miguu, mtu aliyestaafu kutukanwa. Tukaamkia. Mama akanisukuma kidogo kiunoni, kama unavyomsukuma ndama. Nikasema. Nilijaribu kuweka kichekesho kidogo mwanzoni, kikafa pale pale.

Bwana Mndeme alikuwa wa kwanza kujibu. "Kijana, mimi nimeshaongea na mtu wake."

"Mtu wake yupi, baba? Labda mchunga."

Benchi moja ikatikisika. Mwenyekiti hakutikisika. Alisema atamwandikia mkuu wangu wa shule, na hapo niliogopa kweli, kwa sababu mkuu alimpenda yule beberu kuliko kidato cha tatu kizima, na stoo ya maharage nisingeiona tena. Akasema pia jambo ambalo lilikuwa la kweli, nami namtendea haki kwa kuliandika: siku ya wazi ndiyo iliyoleta majembe vichwani, kwa sababu kila mmoja aliona msiba wake ni mkubwa kuliko wa mwenzake, na mzee akagawa anavyotaka. Karatasi haina shemeji. Wengine wakaitikia, hata mimi niliona ana hoja. Mzee Sekiete akanyoosha kidole chenye ugoro.

"Huyo mbuzi amekaa baada ya nani?"

Nikamsomea. Ni mwisho wa mfereji wa juu.

"Hapo ndipo niliposema na moja," akasema, akarudi kunusa. Nadhani alikuwa anaburudika.

"Mzee, hiyo ya wazi tumeshaifuta," mwenyekiti akasema. "Mama Elia, nakuonea huruma, lakini utaratibu ni utaratibu. Siwezi kukupa siku ambayo haimo."

Mama alikuwa bado amesimama. Alitengeneza kanga begani kwanza.

"Siombi ya wazi, Mwenyekiti. Naomba ya mbuzi. Hiyo imo, na umeipiga muhuri mwenyewe. Mwenye siku yuko Same, hana shamba hapa, na mwanangu ndiye anayemjua. Mwulize kama atakataa."

Wakanigeukia wote. Nikasema Profesa hatakataa. Mmoja wa kamati akaangua kicheko, mwingine akafuata, na mwenyekiti akaona kwamba akikataa itambidi asimame mbele ya kijiji kumtetea beberu. Akachukua kalamu. Akatafuta pa kuandika, hakupata, akairudisha mfukoni. "Basi," akasema. "Siku hii moja."

Siku ile ilifika. Nilishika jembe tangu ndiva ilipofunguliwa, nikizuia maji huku na kuyafungulia kule, matope hadi magotini, mama akinielekeza kwa kidole tu. Maji yalikuja meusi, yamebeba majani na vyura, yakaingia kwenye nyufa za udongo kwa mlio kama wa mtu anayekunywa chai ya moto. Mistari ya chini ya shamba tulikuwa tumeshaichelewa. Ya juu iliamka. Tulivuna pungufu, lakini tulivuna.

Mwenyekiti hakumwandikia mkuu, nadhani ingembidi aeleze habari ya mtu wake. Lakini siku ile moja haikubaki moja. Oktoba mtu mwingine alifiwa, akaenda kuomba ya mbuzi. Kufikia Krismasi watu wa mifereji mingine mitatu walilalamika kwamba wa juu wana Profesa na wao hawana, kwa hiyo nikachapa orodha upya. Mwalimu Mrutu alinionyesha njia nzuri za kuilinda ile nafasi tupu isitupwe. Kamati ikazikataa zote. Walitaka Profesa kila mfereji, na muhuri juu yake. Kwa hiyo hadi leo kijiji chetu kina wasomi wanne.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ya kurudi shule Septemba ile, mama alinifungia viazi kwenye kitambaa, akanisindikiza hadi pale njia inapoanza kushuka. Nilingoja anigombeze, maana tangu siku ya ofisini alikuwa hajasema neno juu ya jambo lile. Alinikabidhi kifurushi, akalitazama shamba lake, kisha akanitazama mimi.

"Ukifika," akasema, "yule mbuzi mwamkie. Shikamoo kamili, umesimama, siyo ile yako ya kukimbia."